Ubao wa Mlangoni

Miaka kumi na tisa nailisha mashine hii kahawa,
na habari yangu imeandikwa mara moja tu:
cheti cha Mei Mosi, fremu ya plastiki,
"Ndugu Nderengo."
Mimi Nderingo.
Nilikitundika hivyo hivyo. Mke wangu akacheka:
huyo mwenyewe akija kudai cheti chake, utampa?

Kisha tukaletewa Eliaichi, msimamizi wa zamu,
binti wa Kibosho, viatu vya mpira, daftari limejikunja pembe.
Siku ya kwanza akatwambia wazi: fungu sina.
Tukajibu kimoyomoyo: hilo tunalijua, mama, endelea.
Akaomba ubao mbovu uliokuwa umeziba dirisha la stoo,
akauegemeza mlangoni, pale tunapovulia makoti,
akaandika kwa kipande cha chaki kisichozidi kidole:

*Jana Anansia aliona msumari kwenye punje
kabla mashine haijauona.*

Basi. Hakuna hongera, hakuna nyota wala mhuri.
Wachambuaji wakasimama, vumbi la maganda kwenye khanga,
wakasoma polepole kama wanaosoma barua ya mwenzao.
Anansia alipita akitazama chini,
lakini mchana alikula ameketi wima.

Kesho yake: *Mzee Kileo amefagia hadi nyuma ya mizani.*
Keshokutwa jina la Shangwali likakosewa.
Eliaichi akafuta kwa kiganja, akamwuliza mwenyewe,
akaandika upya mbele yetu sote.
Hilo ndilo lililonikaa.

Siwadanganyi. Chaki haijazi debe la unga.
Mwezi wa saba mshahara ulichelewa siku kumi na moja,
na mtu, simtaji, akaandika chini ya jina lake:
ASANTE HAIPIKWI.
Tukangoja lifutwe. Hakulifuta.
Alibeba daftari lake akapanda ngazi za ofisi,
akashuka jioni, jasho kwenye paji,
akaongeza mstari:
*Wameahidi Ijumaa. Nimedai kwa majina, mmoja mmoja.*
Ijumaa ikafika, na fedha ikafika.
Maneno yale mawili yalikaa ubaoni hadi Jumamosi.

Mimi nilijifanya sijali. Mtu mzima, mvi kidevuni,
ningoje chaki kama mtoto wa darasa la pili?
Ila kila asubuhi nilifunga kamba za viatu pale mlangoni
kwa muda mrefu kuliko kamba zenyewe zilivyotaka.

Ikaja Jumanne ya manyunyu, mlima umejifunika gubigubi:

*Nderingo alisikia beringi ikilia kabla haijakatika.
Akazima. Tungepoteza wiki nzima.*

Herufi nane, kila moja mahali pake.
Nilisoma mara tatu.
*Alisikia.* Ndivyo ilivyokuwa, si kuona, kusikia;
mashine hii huwa naitazama kwa masikio.
Nilidhani siri hiyo tunaijua wawili tu, mimi na yeye wa chuma.

Jioni kule Njoro, Mkunde akauliza: shilingi ngapi?
Nikasema, chaki.
Akacheka hadi akashika mwimo wa mlango.
Akanipakulia machalari. Nikala kimya, nikitafuta neno,
kinywa kizito kama bawaba iliyokosa mafuta:

"Ndizi umezikata mshazari.
Ndiyo maana mchuzi umeingia hadi ndani."

Mwiko ukasimama hewani. Akanitazama kwa shaka.
"Unataka kukopa?"
"Hapana."

Akavuta kigoda, akaketi. Akalikodolea macho sufuria
kana kwamba limemsemesha.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Tangu mwaka tuliohamia hapa, ndivyo ninavyozikata."